MAARIFA YA UFUNDI: Bolti Iliyotiwa Mafuta Haikazwi kwa Mazoea

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mtu wa Likoni, na kwamba kila asubuhi hushuka kivukoni kwa baiskeli ili nivuke kwenda kazini kisiwani Mombasa. Leo nataka kuwasimulia jambo lililonipata njiani, kwa kuwa ndani yake mna maarifa yamfaayo kila mwenye baiskeli, awe karani wa Changamwe, au mkulima wa Kisauni apelekaye madafu na mboga sokoni.

Nilikuwa nimenunua baiskeli iliyokwisha kutumika Ulaya, nyepesi, yenye usukani na shingo ya alumini. Nikampelekea fundi mmoja mzee ili aitengeneze. Fundi huyu ni mtu mwaminifu, na kazi yake hapana mtu wa mtaani kwetu asiyeisifu. Akaifungua yote, akaisafisha, akatia grisi katika kila bolti, akaikaza vizuri kama ilivyo desturi yake. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Siku ya tisa, nikiteremka kuelekea kivukoni, gurudumu la mbele liliingia katika kishimo kidogo cha barabara. Nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Mara usukani ukageuka mikononi mwangu upande wa kushoto, na gurudumu likaendelea mbele kama kwamba halinijui. Nikaanguka kwa ubavu. Matatu iliyokuwa ikija nyuma ilifunga breki, ikasimama hatua mbili tu kutoka kichwani pangu. Watu wakaniinua, wakanipangusa vumbi, wakaniambia nimshukuru Mwenyezi Mungu, nami nilimshukuru. Nilichubuka kiwiko na suruali ikaraguka, lakini ningaliweza kupotewa na mengi zaidi.

Nilipoitazama baiskeli, niliona kwamba moja ya bolti mbili zinazobana shingo ya usukani ilikuwa imekatika chini kidogo ya kichwa chake. Ile ya pili, ikiwa peke yake, haikuweza kushika. Nikaokota kipande kilichokatika, na jioni nikakipeleka kwa fundi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wachechemea?"

Nikamwekea ile bolti kiganjani bila ya kusema neno. Akavaa miwani yake, akaigeuza mara mbili tatu katika mwanga. Kisha akasema, "Bolti hii haikuliwa na kutu. Tazama kiuno chake, kimekonda hapa. Imevutwa mno."

"Nani aliyeivuta, mzee?"

Akanyamaza kitambo. Halafu akajibu, "Ni mkono wangu mimi, mwanangu. Mafuta nilitia, maana pwani hii bolti kavu ni bolti iliyokwisha kufa. Lakini nikaikaza kama nilivyozoea kuzikaza zilizo kavu."

Nilimheshimu sana kwa maneno hayo, kwa sababu si mafundi wote wawezao kuyasema. Tena katika maneno yake machache mlikuwa na somo zima ambalo nataka kulieleza hapa.

KAZI YA BOLTI

Watu wengi hudhani kwamba bolti ni kigingi tu, kinachoingia tunduni na kuzuia vitu visitoke. Sivyo. Bolti ni kama ule mpira wa tyubu kuukuu ambao wachukuzi hufungia mizigo nyuma ya baiskeli. Mpira usipovutwa haushiki kitu. Kreti ya soda itacheza na kuanguka. Ukivutwa kwa kiasi, hujaribu kurudi katika urefu wake, na katika kujaribu huko huubana mzigo barabara. Ukivutwa kupita kiasi, huanza kupasuka nyufa, na siku moja hukatika katikati ya safari.

Bolti nayo hufanya vivyo hivyo, ijapokuwa macho yetu hayaoni. Tunapoizungusha, hesi zake huivuta, nayo hurefuka kwa kipimo kidogo mno. Chuma hutaka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana shingo, usukani au krenki. Likivutwa kupita uwezo wake, chuma halirudi tena. Hukonda kiunoni kama bolti yangu ilivyokonda, kisha hungoja kishimo cha barabara.

Basi kitu tunachokitafuta hasa ni ule mvuto ulio ndani ya bolti. Lakini mvuto huo hatuna njia rahisi ya kuupima, kwa hiyo twapima nguvu ya kuizungusha spana. Kipimo chake huitwa nyutoni-mita, na huandikwa kwa kifupi Nm, kwa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza. Ukivuta spana kwa uzito wa kilo 1 mahali palipo sentimita 10 tokea katikati ya bolti, umeizungusha kwa takriban Nm 1. Likumbukeni jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

MADENI YA MSUGUANO

Sasa twafika penye siri yenyewe. Katika nguvu yote unayoitia katika spana, sehemu ndogo tu ndiyo inayoivuta bolti. Nyingine yote humezwa na msuguano: karibu nusu yake chini ya kichwa cha bolti au nati, na sehemu nyingine kubwa ndani ya hesi. Katika sehemu 10, takriban 9 hupotea, na 1 ndiyo inayofanya kazi tuitakayo.

Makarani wataelewa upesi nikitoa mfano wa mshahara. Mtu apataye shilingi 100, akalipa madeni ya shilingi 90, hubakiwa na shilingi 10 za chakula. Madeni yakipungua kidogo tu, yakawa 87, hubakiwa na shilingi 13. Madeni yamepungua kwa shilingi 3 tu, lakini chakula kimeongezeka kwa karibu theluthi moja. Mafuta hufanya kazi hiyo hiyo katika bolti. Hupunguza madeni ya msuguano kidogo, na mvuto wa bolti huongezeka sana, hali mkono wa fundi umetumia nguvu ile ile.

Wahandisi wana hesabu fupi ya kukadiria mambo haya. Huchukua nguvu ya kuzungusha, wakaigawanya kwa unene wa bolti katika mita, wakaigawanya tena kwa namba ya msuguano. Kwa bolti ya chuma iliyo kavu, namba hiyo hukadiriwa kuwa 0.20; kwa bolti iliyotiwa mafuta, takriban 0.15. Na tuijaribu kwa bolti nyembamba ya milimita 5, kama zilizo katika shingo za usukani za baiskeli za siku hizi.

Ukiikaza ikiwa kavu kwa Nm 5, mvuto wake ni takriban nyutoni 5,000, yaani kama uzito wa kilo 510. Hayo ni karibu magunia 6 ya mahindi ya kilo 90. Ukiikaza kwa Nm 5 zile zile ikiwa na mafuta, mvuto ni takriban kilo 680, yaani magunia 7 na nusu. Sasa chukua mkono wa fundi aliyezoea chuma kizito, ukakaza bolti hiyo yenye mafuta kwa Nm 8. Mvuto hupanda hadi karibu kilo 1,090, yaani magunia 12. Bolti ya unene huo yenye alama 8.8 haipasi kuvutwa kupita takriban kilo 840. Hapo mwaona wenyewe mahali kiuno cha bolti yangu kilipokondea. Wala Nm 8 si nguvu ya jitu; kwa ufunguo wa sentimita 10 ni kilo 8 tu za kidole na kiganja.

JE, TUACHE MAFUTA?

Msomaji mmoja ataniambia, "Basi kama mafuta ndiyo yaletayo hatari, na tukaze bolti kavu." Huyo atakuwa amekimbia mvua akaingia baharini. Sisi tunaokaa Likoni, Kisauni na Changamwe twaishi kando ya maji ya chumvi. Kusi ikivuma, au kaskazi, huleta chumvi hata katika vitasa vya milango. Bolti kavu hushika kutu ndani ya hesi. Tena panapokutana chuma na alumini, penye unyevu na chumvi, metali hizo mbili hulana, na mwisho hugandamana hata zisiachane kwa spana wala kwa nyundo. Nguzo ngapi za kiti zimekatwa kwa msumeno kwa sababu hiyo! Zaidi ya hayo, bolti kavu husema uongo wake pia: kutu hula nguvu ya spana, fundi akadhani imekaza, kumbe haijabana kitu.

Kwa hiyo pwani mafuta hayana budi kutiwa. Lililo lazima ni kujua kwamba bolti yenye mafuta ina kipimo chake, na mkono uliofundishwa na bolti kavu hauwezi kukikisia. Bolti kavu hulalamika mapema, ikanguruma, mkono ukajua kuacha. Yenye mafuta huenda kimya kimya, nao mkono huendelea kungoja mlalamiko uliouzoea.

Jambo la kwanza, basi, ni kutazama maandishi. Baiskeli nyingi za siku hizi zimeandikwa namba karibu na bolti yenyewe, kama vile 5 Nm. Ikiwa kitabu cha mtengenezaji chasema bolti itiwe grisi, namba hiyo imekwisha kuhesabu grisi; ifuate, usiongeze wala usipunguze. Ikiwa kitabu chasema namba ni ya bolti kavu, nawe umetia mafuta, punguza takriban robo: palipoandikwa 8 uishie 6, palipoandikwa 40 uishie 30. Na neno "Max" likitangulia namba, maana yake ni kwamba hapo ndipo mwisho, usipite.

SPANA YA KIPIMO NA MIZANI YA SAMAKI

Iko spana iliyotengenezwa kwa kazi hii, ambayo mimi naiita spana ya kipimo. Ndani ya mpini wake mna springi. Fundi huuzungusha mpini hadi namba aitakayo, kisha hukaza, nguvu ikifika, spana hulia "ka!" na kutikisika mkononi. Mwenye kuitumia na ashike haya: aanze bolti kwa vidole mpaka hesi zishikane sawasawa, ashike katikati ya mpini, avute polepole bila ya kushtua, na ikilia mara moja, aache. Wako wanaopenda kusikia mlio wa pili na wa tatu kwa kujihakikishia, na kila mlio huongeza mvuto. Tena spana hiyo isitumiwe kufungulia bolti zilizoshika kutu, na kazi ikiisha irudishwe katika namba yake ya chini ili springi ipumzike.

Najua kwamba si kila fundi wa kando ya barabara awezaye kuinunua. Lakini twaweza kupima kwa kifaa tulichokizoea: ile mizani ya springi ya kuning'iniza, yenye ndoana, ambayo wachuuzi hupimia samaki. Funga kitanzi cha mshipi wenye nguvu katika spana, mahali palipo sentimita 10 tokea katikati ya bolti. Tia ndoana ya mizani, uvute kwa pembe mraba, yaani mizani na spana zifanye umbo la kona ya daftari. Hapo kila kilo 1 ya mizani ni takriban Nm 1, na bolti itakayo Nm 5 utaivuta mpaka kilo 5. Ufunguo ukiwa mfupi, vuta kwenye sentimita 7, na kipimo hicho hicho kitataka kilo 7. Kwenye sentimita 20, kila kilo 1 ni Nm 2. Hivyo pedeli, ambazo nyingi hutaka Nm 35 hadi 40, zitataka kilo 18 hadi 20. Usisahau kwamba pedeli ya kushoto ina hesi ya kinyume, hukazwa kwa kuzungushwa kushoto.

PA KUTIA NA PASIPOTIWA

Grisi kidogo itiwe katika hesi za bolti na chini ya kichwa chake, hali kadhalika katika hesi za pedeli, na katika nguzo ya kiti ya metali kabla ya kuiingiza katika fremu. Sema kidogo: kinachohitajiwa ni utando tu, si uji. Isitiwe kamwe katika rimu, raba za breki, wala diski ya breki, kwa kuwa breki yenye grisi ni kaburi lililo wazi. Usukani mahali unaposhikwa na shingo uachwe mkavu na safi. Grisi ni ya bolti zake. Sehemu zilizotengenezwa kwa nyuzi za kaboni zina dawa yake maalumu yenye chembechembe, nazo hazitaki grisi.

Mafuta ya nazi tuyaache jikoni na kichwani. Yakikaa siku nyingi huvunda na kunata, yakakusanya mchanga. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini nayo yana masizi na chembe za chuma. Kopo dogo la grisi safi lamtosha mwenye baiskeli moja kwa muda mrefu.

Wale wenye baiskeli nyeusi nzito, zile tuziitazo Black Mamba, wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Ni kweli kwamba chuma chake kinene husamehe makosa mengi, na ndiyo maana mafundi waliojifunza kwazo wana mikono mizito. Lakini nyingi zina ile pini ya mshazari inayoshika krenki. Nati ya pini hiyo haikuwekwa ili kuivuta pini iingie. Pini huingizwa kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemezwa vizuri, kisha nati hukazwa kwa kiasi ili isitoke. Anayeivuta kwa nati, hasa yenye mafuta, huila hesi yake, na siku ya mzigo mkubwa krenki itacheza mguuni mwake.

Hatimaye, bolti iliyokwisha kukonda, au ambayo huzunguka bila ya kukaza zaidi, haina matengenezo. Itupwe mbali watoto wasiiokote wakairudisha, na inunuliwe nyingine ya unene, urefu na alama ile ile. Bei ya bolti moja haifiki bei ya kikombe cha kahawa na kashata nyingi, nayo ndiyo inayoshika usukani wa mtu mwenye mke na watoto wanaomngoja jioni.

Juma lililopita nilipita tena kwa yule mzee wangu. Nikaona mizani ya samaki imening'inizwa juu ya spana zake, na ubao mdogo ulioandikwa namba kwa chaki. Alikuwa akikaza shingo ya baiskeli ya kijana mmoja wa shule. Mizani ilipofika kilo 5, akaacha. Kijana akamwambia, "Babu, kaza zaidi kidogo, niwe na hakika." Mzee akamtazama juu ya miwani, akajibu, "Mjukuu wangu, hiyo 'kidogo' yako nimekwisha kuiona ilivyomfanya mtu mzima kule kivukoni. Chukua baiskeli yako, nenda salama." Nami nilisimama pale na kovu langu la kiwiko, nikacheka.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kuitoa nguzo ya kiti iliyogandamana na fremu kwa chumvi, bila ya kuivunja. Hadi hapo, wasomaji wangu, tieni mafuta, pimeni, kisha acheni.